Chupa ya kutolea hewa kwenye klachi: yamfaa anayefanya kazi peke yake

Chupa ndogo ya plastiki yenye mrija na vali ya njia moja, inayouzwa katika maduka ya vipuri hapa Mombasa kwa ajili ya kutolea hewa kwenye breki, imenifaa zaidi kwenye klachi. Breki zina magurudumu manne ya kuzunguka, ilhali klachi ya Hiace yangu ina nipeli (skrubu yenye tundu ya kutolea hewa) moja tu, nayo iko ubavuni mwa giaboksi, mahali ambapo mtu aliyekaa kwenye pedali hawezi kuona kinachoendelea chini.

Klachi ya haidroliki hutumia mafuta ya breki kupeleka nguvu ya mguu kutoka masta silinda iliyo nyuma ya pedali hadi silinda ya chini, iliyo kwenye giaboksi. Mafuta hayabanwi lakini hewa hubanwa. Kwa hiyo hewa kidogo tu ikiingia, pedali hulegea, klachi haiachii sawasawa, na gia ya nyuma huingia kwa mkwaruzo. Dereva aliye kwenye foleni ya feri ya Likoni, anayekanyaga klachi kila gari la mbele linaposogea, huligundua tatizo hilo mapema.

Kwa njia ya kawaida kazi hii huhitaji watu wawili, mmoja akikanyaga na kushikilia, mwingine akifungua na kufunga nipeli, na wakipishana kidogo hewa hurudi ndani. Vali ya chupa hii huruhusu mafuta kutoka na kuyazuia yasirudi, hivyo mtu mmoja hufungua nipeli kisha akapanda garini kukanyaga mwenyewe, polepole. Spana ya ringi itangulie kuvishwa kwenye nipeli kabla ya mrija, kwani baadaye haitapita. Pedali ikibaki sakafuni, iinuliwe kwa mkono bila haraka. Katika gari langu mafuta ya mwanzo yalitoka meusi kama kahawa chungu, yakafuatwa na mapovu madogo yaliyoandamana ndani ya mrija, na hatimaye mafuta safi.

Kasoro zake zipo, na mnunuzi anastahili kuzijua. Sumaku ya kuishikilia chupa haina faida hapa, kwa sababu ganda la giaboksi ni la aluminiamu. Nililazimika kuitundika kwa waya. Mdomo wa mrija nao ulikuwa mpana kuliko nipeli, nikaukaza kwa kipande cha waya mwembamba. Jambo zito zaidi ni kwamba nipeli ikilegezwa kupita kiasi, pedali inaporudi hewa huweza kufyonzwa kupitia hesi zake, na mtu akaendelea kukanyaga bila mwisho akidhani bado anatoa hewa ya zamani. Robo mzunguko yatosha. Vali yenyewe ipulizwe kwa mdomo ingali mpya na kavu: hewa ipite upande mmoja tu, ikipita pande zote mbili, irudishwe dukani.

Chupa haiwezi kufidia mafuta mabaya. Mafuta ya breki ya madaraja ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu, na hewa ya pwani yetu ina unyevu mwingi, kwa hiyo sitashauri mtu kutumia mabaki ya kopo lililofunguliwa miezi iliyopita. DOT 4 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho cha chini hushuka hadi 155. Fuata maandishi ya kifuniko cha tangi la mafuta hayo, na usiweke mafuta ya injini, kwani huvimbisha mipira ya silinda. Tangi lisiachwe kukauka katikati ya kazi, hasa katika magari ambayo klachi na breki hutumia tangi moja. Tone likidondokea rangi ya gari, limwagiwe maji mara moja kabla halijaichubua.

Baada ya hapo pedali ikawa ngumu vizuri na gia ya nyuma ikaingia kimya. Lakini mafuta yakizidi kupungua tangini baada ya kazi kama hii, kutoa hewa tena hakutasaidia: papasa nyuma ya pedali uone kama pana umajimaji, kisha vuta kifuniko cha mpira cha silinda ya chini. Ukikuta mafuta humo, silinda hiyo inavuja, na inahitaji mipira mipya au kubadilishwa yote.