Tahadhari: Sanrufu ikivuja, usimpe hela fundi anayekuja na silikoni

Wakuu, hasa mlio Dar na mnaendesha magari ya Japani yenye sanrufu (kile kioo cha kwenye paa kinachofunguka), someni hii kabla masika hayajachanganya. Kuna jamaa anazunguka kwenye sehemu za kuoshea magari na maegesho akijiita mtaalamu wa vioo vya juu. Shemeji yangu ameshampa Sh 250,000 na gari sasa linavuja kuliko mwanzo. Jina lake simtaji, polisi wanalo tayari. Ninachotaka mkijue ni mchezo wenyewe, maana hauchezwi na mtu mmoja.

Anakuvizia gari likiwa limetoka kuoshwa. Anaomba "kuangalia kitu", anapapasa kitambaa cha silingi karibu na taa ya ndani, kisha anakuonyesha vidole vimelowa. Hapo umeshashtuka. Anakwambia mpira wa sanrufu umekufa, mpya haupatikani nchini, dawa ni kuziba. Anatoa tyubu ya silikoni, ile ile ya masinki na madirisha ya alumini, anazungusha kioo kizima, analainisha kwa kidole chenye mate (kweli kabisa, mate) na kukuonya usifungue mpaka kesho. Ukigoma, ana ngoma ya pili: fremu nzima ibadilishwe, ana ndugu yake Ilala anayo iliyokatwa kwenye gari jingine, tanguliza advansi. Ukishatuma, simu haipokelewi.

Gari la shemeji lilikauka kwa sababu mvua ilikatika, basi. Iliporudi, kapeti la mbele upande wa abiria lilijaa maji hadi ukikanyaga yanapanda kwenye viatu.

Sasa sikilizeni kitu ambacho matapeli hawa wanaomba mungu msikijue. Sanrufu haikutengenezwa izuie maji yote. Ule mpira unapunguza tu. Maji yanayopita yanapokelewa na mfereji unaozunguka fremu, na kwenye pembe zake kuna mirija ya kuyatoa. Ya mbele inashuka ndani ya nguzo za kioo cha mbele na kutokea chini, karibu na bawaba za mlango au ndani ya fenda. Ya nyuma inashuka kwenye nguzo za nyuma na kutokea usawa wa tairi za nyuma au nyuma ya bampa. Gari linalolala chini ya mwarobaini au mwembe, ukiongeza na vumbi letu, lazima mirija hiyo ifanye tope. Ikiziba, mfereji unajaa na maji yanamwagika ndani: kwenye taa, kwenye silingi, chini ya kapeti. Mara nyingi mpira unasingiziwa bure.

Ndiyo maana silikoni haiponyi kitu. Kioo kinatikisika, jua linapiga, silikoni inaachia upenyo kidogo, maji yanaingia na mirija bado imeziba vile vile. Gari la shemeji lilipofika kwa fundi wa kweli, akafungua na kumulika tochi, pembe ya mbele kushoto tukakuta donge la silikoni limekaa mdomoni mwa mrija kama kizibo cha chupa. Jamaa alikuwa amekamua kwa fujo mpaka ikadondokea ndani. Yaani alilipwa kuongeza tatizo! Halafu silikoni inayonuka siki inatoa asidi wakati inakauka, na bati la gari halipendi asidi. Na siku mtoto akibonyeza swichi, mota inavuta kioo kilichogandishwa. Inaweza kukata nyaya zinazovuta kioo, na hiyo sasa ndiyo gharama ya kweli.

Kabla hujatoa hata shilingi, mwambie fundi yeyote afungue sanrufu na amimine maji kidogo, kikombe cha chai kinatosha, kwenye mfereji pembe moja ya mbele. Wewe chungulia chini. Yakitiririka nje, mrija huo uko wazi. Yakisimama, umempata mgonjwa. Pembe za nyuma zina usumbufu, na kwenye baadhi ya magari huzifikii bila kushusha silingi. Fundi anayekataa kipimo hiki, funga mlango uondoke.

Kuzibua kwenyewe ni kazi ya uzi wa nailoni wa mashine ya kukatia nyasi, ncha yake ukiilainisha kwa moto isichome. Unausukuma taratibu, unauzungusha, unamimina maji tena. Waya wa chuma hapana, utatoboa mrija. Upepo wa kompresa ya tairi nao hapana: unaweza kuchomoa mrija kwenye kiungio kilichojificha ndani. Na msiruhusu mtu wa barabarani abandue plastiki za nguzo kwa bisibisi. Magari mengi yana eabegi za pazia (mifuko ya hewa inayofumuka ajalini) humo.

Kama maji yanatoka vizuri pembe zote na bado ndani kunalowa, basi msako uhamie kwingine: kioo cha mbele kilichowahi kubadilishwa kikabandikwa vibaya, nailoni ya ndani ya mlango, au fremu iliyopasuka. Kapeti la abiria likilowa siku za jua wakati AC imewashwa, hayo ni maji ya AC, mrija wake umeziba. Huyu jamaa angekupigia silikoni hata kwa hilo.

Wanaonunua magari kwenye yadi nao wawe macho. Gari lenye sanrufu na manukato matatu yanayoning'inia, inua kapeti uguse sifongo la chini. Angalia mabaka ya kahawia kwenye silingi na kutu kwenye boliti za viti.

Ambao tayari mmepakwa silikoni, msibonyeze swichi kabisa. Mpelekeeni fundi wa vioo aikate kwa uzi, si kwa wembe unaokwangua rangi, kisha mirija ipimwe.

Shemeji alitunza meseji ya muamala, na ndiyo iliyomsaidia kupata RB (namba ya taarifa ya polisi) kituoni. Kama nawe umemlipa kwa simu, usiifute. Nenda nayo kituo cha karibu, na taja namba zote alizokupigia, kwa sababu anabadilisha laini kila mara.