Raba za kikapu, mtumba wa Darajani

Mwanangu yuko kidato cha tatu na mguu wake ni namba 46. Madukani ukiulizia wanakucheka. Duka hili, uchochoro wa nyuma ya soko la Darajani, wanazo, tena zinazofunika kifundo, soli bado ina meno. Bei ya kuanzia 80,000! Tukashushana hadi 55,000. Ila kagueni gundi: ya kushoto imeshaanza kuachia nchani, na uwanja wa skuli ni saruji tupu. Mtoto ananitajia Hasheem Thabeet, Mtanzania aliyecheza NBA, ligi ya kikapu ya Marekani: skuli ya Makongo Dar es Salaam, skuli ya Houston, Chuo Kikuu cha Connecticut, kisha timu ya Memphis Grizzlies ikamchukua wa pili kwenye uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA mwaka 2009. Haya, lakini yule kapita futi 7. Wangu ajue kwanza kudunda mpira kwa mkono wa kushoto. Risiti hawatoi.