Sindano za kupunguza uzito: ya kila wiki au ya kila siku? Chaguo kwa anayeishi Mtwara na Lindi

Wengi wakiulizia sindano hizi huanza na bei. Mimi nakusihi uanze na ratiba: utachoma mara ngapi, na dawa itakaa wapi kati ya sindano moja na nyingine? Dawa zote tatu nilizozipanga hapa hutunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda inatupwa. Nje ya friji huvumilia wiki chache tu, tena joto lisizidi nyuzi 30. Huku kwetu Novemba na Desemba mchana unapita hapo, na umeme nao hukatika.

1. Semaglutide, mara moja kwa wiki

Hii ndiyo namba moja yangu kwa Kusini. Kwa ajili ya uzito inaitwa Wegovy. Ozempic ni dawa hiyohiyo iliyotengewa kisukari. Wiki nzima ikipita, karibu nusu yake bado imo mwilini, ndiyo maana sindano moja inatosha siku 7. Chagua siku usiyoisahau, tuseme Ijumaa, uishike hiyohiyo. Huanza miligramu 0.25, kisha 0.5, 1, 1.7 hadi 2.4, kila ngazi wiki 4. Anayeruka ngazi ili apungue haraka huishia kutapika.

Ukisahau, angalia sindano ijayo iko mbali kiasi gani. Ikiwa zaidi ya siku 2, choma sasa; ikiwa chini ya hapo, subiri siku yako. Usichome mbili kufidia. Peni (kifaa cha kuchomea chenye dawa ndani) za Wegovy za dozi moja zinakaa nje ya friji hadi siku 28, na hilo kwa mtu wa Liwale au Newala ni jambo kubwa. Katika utafiti uliochapishwa 2021, watu walipungua wastani wa asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68, wakiwa wamebadilisha pia mlo na kufanya mazoezi.

2. Tirzepatide, mara moja kwa wiki

Kwa nguvu peke yake ingeongoza: utafiti wa 2022 ulionyesha wastani wa karibu asilimia 21 kwa wiki 72, kwa dozi ya miligramu 15. Huuzwa kama Mounjaro au Zepbound, na huanza na miligramu 2.5. Nimeishusha kwa sababu peni zake za dozi moja huvumilia siku 21 tu nje ya friji. Pia hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, kwa hiyo dada anayevitumia aongeze kondomu wiki 4 za mwanzo na wiki 4 kila dozi inapopanda. Ukichelewa, bado unaweza kuchoma ndani ya siku 4; zikipita, ruka. Mwenye friji ya uhakika na daktari wa karibu anaweza kuiweka ya kwanza, sitabishana naye.

3. Liraglutide, kila siku

Huuzwa kama Saxenda. Hupungua nusu mwilini kwa saa 13 hivi, hivyo huwezi kuipumzisha. Ukikosa zaidi ya siku 3 unarudi mwanzo, miligramu 0.6. Msimu wa korosho, mtu analala shambani Tandahimba wiki nzima, ataikosa. Matokeo nayo ni madogo, asilimia 8 hivi. Faida yake ni kwamba ikikukataa, inatoka mwilini upesi.

Usinunue kabisa

Vichupa visivyo na jina vinavyouzwa kwa WhatsApp, na peni iliyokwisha kufunguliwa. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutide bandia. Nunua famasi yenye mfamasia, kwa cheti cha daktari, na uulize kama bidhaa imesajiliwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Ikiletwa na basi kutoka Dar hadi Mtwara, zaidi ya kilomita 500, iwe kwenye boksi la baridi na barafu isiguse peni.

Piga hesabu ya mwaka mzima kabla ya kulipia mwezi wa kwanza, kwa sababu wengi wakiacha sindano, uzito hurudi. Fedha zikipungua, usigeuze ya kila wiki kuwa ya kila wiki mbili ili idumu. Rudi kwa daktari.

Mjamzito asitumie, wala mwenye saratani ya tezi ya shingo aina ya medulari kwake au katika familia. Anayepanga mimba aache semaglutide miezi 2 kabla. Unayemeza glibenclamide, kidonge cha kisukari, au kuchoma insulini, mwambie daktari kwanza, sukari inaweza kushuka vibaya. Na maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, pamoja na kutapika, si ya kuvumilia nyumbani: acha sindano, nenda hospitali ya Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi) siku hiyohiyo, na peni uichukue ukamwonyeshe daktari.