Programu ya mazoezi ya permiti ya CDL: niliilipia, nikafaulu, lakini nina maneno

Nianze na hukumu, ili mwenye haraka asichoke bure. Programu ya simu ya kujiandaa na mtihani wa maandishi wa permiti ya CDL, yaani kibali cha kujifunzia cha leseni ya udereva wa magari makubwa ya kibiashara Marekani, inafaa kulipiwa, ila si kwa kazi ambayo matangazo yake yanaisifia. Inakuonyesha ulipo dhaifu. Lori haikufundishi. Kinachofundisha lori, kwa upande wa makaratasi, ni kitabu cha mwongozo wa CDL ambacho kila jimbo la Marekani hukitoa bure, na ambacho watu wengi wakishakipakua na kuona unene wake hawakifungui tena.

Mimi nililipia kifurushi cha miezi kadhaa, chini ya dola 30. Jina la programu silitaji kwa sababu halibadilishi kitu. Nilizijaribu na nyingine, matoleo yale ya bure yanayokuachia maswali machache kisha yanakufungia mlango, nikakuta maswali ni yale yale, hadi koma iliyokosewa mahali pake imekosewa pale pale. Kwa hiyo ninayoyasema hapa yachukue kama yanahusu kundi zima.

Kwa anayeanza kabisa, mtihani wenyewe uko hivi. Ukitaka daraja A, yaani lori na trela ambavyo uzito wake ulioidhinishwa kwa pamoja unafika pauni 26,001 au zaidi, na trela peke yake inazidi pauni 10,000, unakaa mitihani mitatu: maarifa ya jumla, breki za upepo, na magari ya kuunganishwa. Katika majimbo mengi ya kwanza ina maswali 50, ya pili 25, ya tatu 20. Alama ya kufaulu ni asilimia 80, na hiyo ni sheria ya shirikisho, hakuna jimbo linaloishusha. Fanya hesabu: kwenye ule wa mwisho ukikosa maswali matano umekwisha. Watu huogopa ule mrefu wa maswali 50, kumbe hatari iko kwenye mifupi.

Programu inafanya vizuri kwenye maarifa ya jumla, hilo lazima niliseme. Maswali ni mengi, yanachanganywa kila unapoanza upya, na ukikosa linarudi baadaye likiwa limepangwa tofauti. Mambo kama umbali wa kufuata gari la mbele yanakaa kichwani kwa njia hiyo. Kanuni ni sekunde moja kwa kila futi 10 za urefu wa gari lako, na ukipita maili 40 kwa saa unaongeza sekunde moja. Lori la futi 60 ni sekunde sita mjini, saba kwenye barabara kuu. Hali kadhalika kina cha chini kabisa kinachoruhusiwa cha mifereji ya tairi: 4/32 ya inchi kwa tairi za mbele, 2/32 kwa nyingine zote. Na pembetatu za kuonya gari likiharibika, ambazo unatakiwa uwe umeziweka ndani ya dakika 10: kwenye barabara ya kwenda upande mmoja ni futi 10, 100 na 200 nyuma yako. Haya ni ya kukariri tu, hayana falsafa, na simu inayakaririsha vizuri ukiwa umekaa kwenye basi.

Kingine inachokifundisha bila kusema ni tabia ya maswali. Mtihani huu unapenda kuuliza kinyume: lipi kati ya haya si kweli, lipi halihitajiki, yote isipokuwa lipi. Kwa sisi ambao Kiingereza tulikutana nacho darasani, jicho hupita juu ya lile neno dogo la kukanusha kama halipo. Baada ya kupigwa na maswali ya namna hiyo jioni kadhaa, jicho linaanza kulitafuta lenyewe.

Hapo hapo niseme kuhusu lugha. Programu niliyotumia ilikuwa na lugha nyingi za kuchagua. Niliiacha kwenye Kiingereza makusudi, na kitufe cha kusomewa swali kwa sauti nilikitumia sana. Kanuni ya shirikisho namba 391.11 inamtaka dereva wa kibiashara awezе kusoma alama za barabarani, kuzungumza na maofisa na kujaza taarifa kwa Kiingereza. Kanuni yenyewe ni ya zamani, lakini tangu tarehe 25 Juni 2025 dereva anayeshindwa hilo akisimamishwa barabarani anaweza kuzuiwa kuendelea na safari papo hapo. Na mtihani wa vitendo, ule wa kukagua lori ukitaja kila kifaa, ni kwa Kiingereza. Basi kama maneno utayahitaji hata hivyo, anza nayo sasa.

Sasa breki za upepo. Hapa ndipo nilipoanza kuisemesha simu maneno mabaya.

Programu inakupa namba moja moja, kila moja na swali lake, kana kwamba hazijuani. 125. 100. 150. 20 hadi 45. Unazimeza leo, kesho zimechanganyika. Nilipofungua sura ya 5 ya mwongozo nikaona kwamba zote ni habari ya upepo ule ule ukipanda na kushuka ndani ya matangi. Nikachora ngazi kwenye karatasi. Kompresa inasukuma upepo mpaka kama psi 125 (psi ni kipimo cha mgandamizo, pauni kwa inchi ya mraba), kisha gavana, yaani kifaa kinachoidhibiti kompresa, inaikatisha. Ukitumia breki upepo unapungua, ukifika kama 100 gavana inairuhusu tena isukume. Gavana ikifa na upepo ukazidi kupanda, kuna vali ya usalama ambayo kwa kawaida hufunguka kwenye 150 ili tangi lisipasuke. Upande wa chini, upepo ukivuja, taa au kengele ya onyo lazima ianze kabla haujashuka chini ya 55. Ukipuuza ukaendelea kuendesha, kati ya 45 na 20 breki za springi zinajikaba zenyewe na lori linasimama ulipo, utake usitake. Maana springi hizo hazishikiliwi na kitu kingine ila huo upepo. Upepo ukiondoka, springi inafanya kazi yake.

Ukishaielewa hiyo, swali la kwa nini usikanyage breki ukiwa umevuta breki ya kuegesha halihitaji kukaririwa. Nguvu ya springi na nguvu ya upepo zinagongana kwenye breki zile zile, zinaweza kuziharibu. Programu ilikuwa imeandika jibu sahihi tu, bila sababu.

Na kuna kosa kabisa. Kwenye swali la onyo la upepo mdogo, programu yangu ilikuwa inakubali 60 na kuikataa 55. Nadhani waliyaandika maswali wakati miongozo ilikuwa bado inasema 60, na hakuna aliyerudi kuyagusa. Mwongozo wa sasa unasema 55, au nusu ya kiwango ambacho gavana hukatishia kwa magari ya zamani. Swali moja kati ya 25 si kifo, lakini mtu anayeuza kitu kwa kusema kimesasishwa mwaka huu angekuwa amekisasisha kweli. Niliwaandikia, wakajibu kwa barua ya kushukuru iliyoonekana kuandikwa na mashine. Swali halikubadilika.

Vipimo vya uvujaji ni pengine pa kuwa na mwongozo mkononi. Ukiwa umeachia breki zote na injini imezimwa, gari moja lisipoteze zaidi ya psi 2 kwa dakika, lenye trela lisizidi 3. Ukikanyaga breki na kushikilia, baada ya ule mshuko wa kwanza, kikomo ni 3 kwa gari moja na 4 kwa lenye trela. Namba tatu inatokea mara mbili kwa maana mbili, na waandishi wa mtihani wanalijua hilo vizuri sana.

Umbali wa kusimama pia ulinipa faida kwenye kitabu, si kwenye simu. Kwenye maili 55 kwa saa, barabara kavu, dereva mwenye akili zake, mwongozo unakadiria futi 142 za kuona hatari na kuitambua, 61 za mguu kuhama kwenda kwenye breki, na 216 za kusimama. Jumla 419. Lakini upepo hauendi kama mafuta ya breki ya gari dogo, lazima usafiri kwenye mipira ya kupitishia upepo kwanza, nusu sekunde au zaidi kidogo, na hapo ongeza kama futi 32. Ndipo inapatikana ile 450 inayoulizwa. Programu inakuuliza 450 tu.

Magari ya kuunganishwa ni sura ya 6, na hapa programu ilikuwa dhaifu kuliko kote. Hakukuwa na picha yoyote. Utamwelezaje mtu kwa maandishi matupu jinsi kichwa kinavyorudi nyuma mpaka pini ya trela iingie kwenye sahani na taya zikafunga, na kwamba baada ya hapo unashuka, unaingia chini na tochi na kuhakikisha hakuna mwanya kati ya sahani ya chini na ya juu? Binamu yangu anaendesha, nikamwomba anipeleke uwanja wanakolaza malori. Kwa muda mfupi tu aliokaa ananionyesha, mipira miwili ya upepo inayotoka kwenye kichwa kwenda kwenye trela ikaeleweka: mwekundu ni wa dharura, unapeleka upepo kwenye matangi ya trela, wa buluu ni wa breki za kawaida. Ukiipishanisha, upepo wa kujaza matangi unaingia njia isiyo yake, na breki za springi za trela haziachii. Hiyo ni salama, maana lori halitaondoka. Balaa ni trela za zamani zisizo na springi. Hizo, kama tangi lake limekwisha upepo, zinafuata kimya kimya na unajikuta uko barabarani na trela isiyo na breki hata moja. Swali hilo nilikutana nalo kwenye mtihani, kwa maneno tofauti na ya programu.

Jambo lililoniudhi zaidi ni ile mita ya uwezekano wa kufaulu. Kila ukifanya mazoezi inapanda, mwisho inakuambia umefika asilimia tisini na kitu, nenda. Inapanda kwa sababu umeyazoea maswali yake, basi. Nilipima mwenyewe kwa kufunika majibu na kujibu kwa mdomo kabla ya kuyaona, na maswali ambayo simu ilisema nayajua nikakuta nayatambua kwa sura tu. Ukiinunua, tumia njia hiyo, na mita uiache ijifurahishe yenyewe. Hata ile ahadi ya kurudishiwa pesa ukifeli, isome mpaka chini: yangu ilitaka uwe umemaliza kila zoezi kwa alama walizopanga wao.

Siku ya mtihani hakuna cha kusimulia. Kompyuta ya kugusa, chumba baridi, nilianza na maarifa ya jumla, nikapita yote.

Kabla hujalipia popote, angalia pia habari ya ELDT, yaani mafunzo ya lazima kwa dereva anayeanza. Tangu tarehe 7 Februari 2022, anayechukua daraja A au B kwa mara ya kwanza lazima amalize mafunzo kwa mtoaji aliyesajiliwa kwenye orodha ya FMCSA, idara ya shirikisho inayosimamia usalama wa malori na mabasi, kabla ya mtihani wa vitendo, na mtihani huo huruhusiwi kuufanya mpaka permiti iwe na angalau siku 14. Programu ya mazoezi si mafunzo hayo, hata kama rangi na maneno yake yanakufanya udhani hivyo. Jina lisipokuwepo kwenye orodha, halihesabiki.

Na kile kifurushi cha Hazmat, yaani mizigo hatari, ambacho programu inakusukumia kila unapoifungua, kiruke. Permiti haibebi idhini ya H, ambayo ndiyo ya Hazmat. Inaweza kubeba ya abiria, ya basi la shule na ya tangi tu, tena tangi lenyewe liwe tupu. Mtihani wa Hazmat hata hukai mpaka umalize mafunzo yake ya nadharia, na idhini hutolewa baada ya TSA, idara ya usalama wa usafiri ya Marekani, kuchukua alama za vidole na kukuchunguza. Kufikia hapo usajili wako wa miezi michache utakuwa umeisha, na wao wanalijua hilo wanapokuuzia.