Rangi za picha za muhuri: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Niliwahi kuharibu kadi sitini za harusi kwa alasiri moja. Muhuri nilikuwa nimeuchonga mwenyewe, ua la asumini lililozungukwa na nakshi kama za milango yetu ya Amu, yaani Lamu, na mpira ulikuwa umechukua kila mkato. Nikapiga kwa wino mweusi wa pedi ya ofisini, nikaacha ukauke, nikashika brashi na rangi za maji. Petali ya kwanza tu, ule mstari mweusi ukaanza kutembea. Ya pili ikawa kijivu. Mama wa bi harusi alipopita kuchungulia aliinua kadi moja, akaitazama kwa mbali, kisha karibu. "Mwanangu," akasema, "hili ua mbona linalia?"

Rangi haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa wino. Kwa hiyo kabla ya kupanga rangi, tuumalize wino, maana ukikosea hapo hata rangi ya bei ghali haikusaidii.

Wino wa pedi za ofisini huwa wa maji, na hutiwa gliserini ili pedi isikauke haraka. Gliserini huvuta unyevu wa hewani, na huku kwetu unyevu haupungui, masika ndiyo usiseme. Utadhani umekauka, kumbe unasubiri tone la maji. Unafaa kwa penseli za rangi tu. Ukitaka kupaka rangi za maji, tafuta wino usioyeyuka majini, kama VersaFine, ambao ni wa mafuta na una chembe za rangi ndani yake. Ukitaka maka za spiriti, yaani kalamu nene zenye wino wa spiriti, chukua wino wa Memento, kwa sababu spiriti haiusumbui. StazOn nao hushika hadi kwenye kioo na bati, lakini usiuchanganye na maka za spiriti hata siku moja: zitaukokota, na ncha ya maka itabaki chafu.

Wino hizi tatu sitegemei kuzipata madukani hapa kisiwani. Mimi huagiza Mombasa, mzigo unakuja kwa basi hadi Mokowe, halafu boti. Nauli hiyo ndiyo sababu nasema anza na pedi moja nyeusi, usinunue seti.

Sasa rangi, kuanzia ninayoipenda zaidi.

Ya kwanza: penseli za rangi

Najua, utasema hizo ni za watoto wa shule. Lakini penseli ni kavu, haijali picha imepigwa kwa wino gani, haihitaji karatasi maalumu, na haiikunji kwa unyevu. Za shule hutosha kujifunzia. Tofauti utaiona ukipata Prismacolor, ambazo uti wake ni wa nta na laini sana, au Polychromos za Faber-Castell, ambazo ni za mafuta, ngumu kidogo na hukaa na ncha kali kwa muda mrefu. Kwa joto la hapa nazipendelea hizo za pili. Zinauzwa mojamoja pia katika maduka makubwa ya vifaa vya sanaa, basi nunua sita: nyekundu, njano, buluu, kijani kibichi, kahawia na nyeupe. Usidharau nyeupe, ndiyo inayolainisha nyingine.

Mkono uwe mwepesi. Paka kwa viduara vidogo, tabaka tatu au nne, ukianza na rangi hafifu. Kisha chukua kijiti cha pamba, kichovye kwenye mafuta ya maji ya kupaka watoto, ukifute kwanza kwenye kitambaa hadi kibaki na unyevu tu, ndipo usugue juu ya rangi. Nta inayeyuka, mistari ya penseli inapotea, na petali inang'aa kama imepakwa kwa brashi. Mafuta yakizidi karatasi itapata doa lisilotoka, kwa hiyo jaribu pembeni kwanza. Manila yenye upande unaoteleza na upande unaokwaruza kidogo, piga upande unaokwaruza. Penseli haishiki kwenye utelezi.

Ya pili: rangi za maji

Hakuna kinachoichora bahari ya asubuhi ya kijiji cha Shela kama rangi za maji. Ila zina masharti: wino usioyeyuka, na karatasi nene ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 itavimba kama mahamri. Vile visanduku vya watoto vyenye rangi kavu za mviringo vina chokaa nyingi, rangi hutoka na ukungu. Afadhali mirija mitatu mizuri kuliko sanduku la rangi ishirini na nne. Brashi moja ya mviringo namba 3 inakutosha kwa picha ya ukubwa wa kiganja.

Weka maji safi ndani ya mistari kwanza, halafu gusa rangi ukingoni na uiache ijiendee yenyewe hadi katikati. Ukimaliza, kadi ikiwa bado baridi kwa kuguswa, ilaze chini ya vitabu vizito mpaka kesho. Ukiianika juani itajikunja kama jani la mgomba.

Ya tatu: maka za spiriti

Hapa watu watanipinga. Maka kama Copic, za Kijapani, zina rangi 358, hujazwa tena wino, ncha hubadilishwa, na rangi mbili zikikutana huungana bila kuacha mstari. Kazi yake ni safi kuliko zote. Lakini bei ya maka chache za aina hiyo inakununulia penseli za mwaka mzima, spiriti huchungulia upande wa pili wa karatasi, na rangi zake hufifia zikikaa juani. Kadi niliyoitundika dirishani ilikuwa na jahazi lenye tanga jekundu. Baada ya miezi michache tanga likawa la rangi ya chai ya maziwa. Kwa albamu inayofungwa, sawa. Kwa kitu cha kutundika, la. Ukinunua, zilaze ubavu, usizisimamishe.

Ya nne: kalamu za felti za maji za watoto

Kwa kupaka ndani ya picha hazifai, huchubua karatasi. Zinunue kwa jambo moja: paka felti juu ya mpira wenyewe, shina kijani, ua jekundu, halafu upumulie muhuri kwa mdomo wazi, haaa, kama unayesafisha miwani, na upige papo hapo. Pumzi huirudishia rangi unyevu. Picha inatoka na rangi zote kwa pigo moja. Wanangu wamenimalizia pakiti nzima kwa mchezo huu.

Chaki za rangi nimeziweka mkiani. Ni laini na nzuri, lakini kidole kimoja chenye jasho kinatosha kuharibu kazi, na hapa nani hana jasho?

Lipo ombi moja ambalo wateja wa harusi hawaliachi: dhahabu. Usikimbilie kalamu za dhahabu, wino wake hukatikakatika. Nunua chupa ndogo ya unga wa dhahabu wa kuvimbisha, ule unaoyeyuka kwa joto na kuiacha picha imeinuka juu ya karatasi. Piga muhuri kwa wino unaochelewa kukauka, nyunyiza unga, kung'uta uliozidi urudi chupani, kisha yeyusha kwa joto. Mashine yake ni ya hewa moto. Ile ya kukaushia nywele itaupeperusha unga wote kabla haujayeyuka. Mimi sina mashine. Naishika kadi kwa koleo juu ya jiko la makaa yaliyokwisha kutoa moshi, uso ukitazama juu, nikiisogeza polepole. Kwa muda hakuna kitu, unga ni unga. Halafu kona moja inageuka maji, na mng'ao unakimbia ukingoni mwa nakshi hadi mwisho. Hapo iondoe upesi, ukichelewa karatasi inageuka kahawia.