Kuomba alfajiri nyumbani au njiani kwenda kazini?

Wengi wetu hapa Dar es Salaam tunamkumbuka Mungu mtoto akilazwa au kazi ikiyumba. Mambo yakitulia, sala nayo inalala. Anayetaka kuomba kila siku ana nafasi mbili: alfajiri nyumbani, au njiani.

Alfajiri ina utulivu. Unaamka kabla jirani hajawasha redio, unapiga magoti, unasoma Zaburi moja. Shida ni usingizi. Mtu wa Mbagala anayetakiwa Posta saa moja na nusu tayari anaamka saa kumi. Akiongeza nusu saa ya sala, wiki ya pili anasinzia magotini. (Mimi niliwahi kushtuliwa na simu, paji la uso likiwa godoroni.) Na kwenye vyumba vya kupanga, ukiomba kwa sauti umeamsha nyumba nzima.

Njiani kuna kelele, ila muda upo tele. Kutoka Kimara hadi Kivukoni ndani ya basi la mwendokasi, umebanwa, mkono umeshika bomba, unaweza kusema Baba Yetu kimoyomoyo, kisha ukamtaja mtu mmoja kila kituo: Shekilango mama, Magomeni bosi, Fire yule anayekudai. Mkatoliki anahesabu rozari mfukoni, hakuna anayejua.

Mimi nachagua kuomba njiani, kwa sababu safari ya kazini haiahirishwi. Tatizo lake ni moja: simu. Ukiitoa tu mfukoni, sala imeishia Ubungo. Alfajiri nimeiachia Jumamosi, siku ambayo hakuna anayenikimbiza.