Tathmini: Mpango wa dharura ya mafuta baharini wa Prince William Sound, Alaska

Katika mipango ya kukabiliana na umwagikaji wa mafuta baharini, huu wa ghuba ya Prince William Sound, jimboni Alaska nchini Marekani, ndio ninaouheshimu zaidi, na sababu kubwa ni wavuvi. Boti zao zipatazo 400 zina mkataba na SERVS, kitengo kinachosindikiza meli za mafuta cha Alyeska, kampuni inayoendesha bomba la mafuta la Alaska. Kila mwaka wavuvi hao hufunzwa, kwa malipo, namna boti mbili zinavyokokota boya refu la kuzuia mafuta, kila moja ikishika ncha yake, hadi mafuta yajikusanye katikati ambako mashine huyaengua.

Mpango ulikuwapo hata kabla ya wavuvi kupewa mkataba, tena wenye idhini ya serikali ya jimbo. Lakini meli ya mafuta ya Exxon Valdez ilipopanda mwamba tarehe 24 Machi 1989 na kumwaga takriban lita milioni 40 za mafuta ghafi, tishari la dharura lilikuwa limepakuliwa vifaa vyake likisubiri matengenezo, na msaada ulioahidiwa kufika ndani ya saa 5 ulichukua zaidi ya saa 12. Ndiyo maana huwa sitazami kwanza unene wa kabrasha; nauliza vifaa viko wapi leo.

Baada ya ajali hiyo, jimbo la Alaska liliweka kipimo kigumu cha uwezo wa kukusanya mapipa 300,000 ndani ya saa 72, meli zilizosheheni zikaanza kusindikizwa na tagi (boti zenye nguvu za kuvuta meli), na wananchi wakapata baraza lao la usimamizi, linalogharimiwa na Alyeska yenyewe na kutambuliwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1990. Baraza hilo ni jambo la pili ninalolisifu kwa dhati.

Natoa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa kuwa mashine za kuengua hushindwa mawimbi yanapokuwa makubwa, na hapo mapipa 300,000 hubaki ya kwenye karatasi.

Kwa wanaoandaa mpango wa gati la Chongoleani, Tanga, litakalopakia mafuta ya Hoima, Uganda, yatakayopita kwenye bomba la kilomita 1,443, ningependa kuona mapema sehemu inayowahusu wavuvi: nani atapewa mkataba, nani atamlipa, na boya lililo karibu naye limehifadhiwa wapi.